Mrija wa Mwalimu Gacheri

Mwalimu Gacheri alizaliwa Kanyakine, huko Meru, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka mashambani, na alipohitimu chuo alipelekwa kufundisha fizikia katika shule moja ya upili kwenye nyanda kame za Mbeere, upande wa Ishiara. Asiyeifahamu safari hiyo aelewe jambo moja tu: anayeteremka kutoka Kanyakine hadi Ishiara huvua sweta njiani.

Kifaa kilichomharibia maisha kilikuwa mrija wa kioo kinene, uliozibwa pande zote mbili na kuhifadhiwa ndani ya kasha la plastiki angavu. Ndani yake mlikuwa na kabonidayoksaidi, gesi ile ile inayotoa mapovu katika soda, iliyoshindiliwa hadi sehemu yake ikageuka umajimaji. Ukiutazama, uliona mstari mwembamba katikati: chini umajimaji, juu gesi. Wazazi walikuwa wametoa magunia ya ndengu ili maabara ipate vifaa, na mrija huo ulikuwa mmojawapo. Wakati wa likizo Gacheri aliondoka nao kwenda kwao ili ajizoeze kuueleza.

Siku ya wazazi ilifanyika mwezi wa Februari, adhuhuri, katika ukumbi wa mabati. Gacheri aliuinua mrija mbele ya watu wote, akaeleza habari za mstari, kisha akautazama mwenyewe. Mstari haukuwapo. Mrija ulikuwa angavu kabisa, kama usiokuwa na kitu.

Mwalimu Mkuu, Mbogo, ambaye naye alikuwa amesomea fizikia, aliuchukua mkononi mwake.

“Mstari uko wapi, Mwalimu?”

“Asubuhi niliuona, Mwalimu Mkuu. Ulikuwapo.”

“Labda umekwenda kunywa chai.”

Ukumbi ulicheka. Mama mmoja aitwaye Eunice, aliyekuwa ametoa gunia kubwa kuliko wote, alisimama.

“Chetu amekiacha huko kwao Meru! Sisi ametuletea chupa tupu!”

“Nipeni hadi kesho asubuhi,” Gacheri aliomba. “Tafadhali. Niangalie kasoro iko wapi.”

“Wazazi hawa wana mbuzi wa kurudisha zizini,” Mbogo alijibu. “Hawawezi kulala hapa wakingojea gesi yako.”

Jioni hiyo hiyo alimfukuza kwa wizi. “Na ubebe chupa yako,” alimwambia langoni.

Gacheri alipata nafasi nyuma ya pikapu iliyokuwa ikipeleka ndengu. Walipofika Runyenjes, upepo wa mlimani ulipoanza kuuma, alitoa mrija mkobani ili autupe bondeni. Ndani yake mlikuwa mmejaa utusitusi mweupe kama maziwa. Kisha utusitusi ukatulia, na katikati ya mrija mstari ukarudi mahali pake.

Hapo ndipo alipokumbuka tarakimu aliyoikariri chuoni bila kuifikiria: digrii thelathini na moja. Kabonidayoksaidi ikipita joto hilo, umajimaji na gesi havitofautiki tena. Vinakuwa kitu kimoja. Kanyakine haijapata kufikia joto hilo. Ukumbi wa mabati wa Ishiara hulivuka kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake aliteremka tena ili aeleze. Bawabu alikuwa amepewa amri na hakumfungulia. Jina la Mwalimu Chupa Tupu likamtangulia katika kila shule aliyoomba kazi, hata akaishia kufundisha watoto wa majirani katika chumba cha nyuma ya duka la pembejeo. Walimu waliokuwa wadogo wake wakawa wakuu wa shule. Yeye alitaka kitu kimoja: jina lake lirudishwe na mtu yule yule, mbele ya watu wale wale.

Alisoma historia ya jambo lile kama mtu anayekusanya mashahidi. Alisoma juu ya Mfaransa Cagniard de la Tour, ambaye mnamo mwaka 1822 aliziba umajimaji pamoja na gololi ya jiwe ndani ya pipa la bunduki, akalipasha moto huku akisikiliza, hadi mlio wa gololi ikipita katika umajimaji ulipokoma. Alisoma juu ya Andrews wa Belfast, aliyeichunguza kabonidayoksaidi kwa miaka mingi kabla ya kuipa jina nukta hiyo ya joto ambapo mstari hupotea, mwaka 1869. Alimpenda zaidi Mholanzi van der Waals, aliyekuwa mwalimu wa shule, na ambaye mwaka 1873 aliandika mlinganyo wa kueleza gesi na umajimaji kwa pamoja. Ule utusitusi nao haukuelezwa vyema hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini.

“Hawa wote walingoja,” aliniambia mimi jirani yake siku moja nilipompitia. “Na mimi nitangoja. Lakini mimi singojei sayansi, Mzee. Namngojea Mbogo.”

Mwaka jana Mbogo alistaafu, na walimu wa zamani wakaalikwa. Gacheri alichagua kwenda kwa sababu ya desturi ya sherehe hizo. Zawadi inayotolewa hadharani haikataliwi. Mpokeaji huiinua juu, huitaja kwa kipaza sauti, kisha huiweka sebuleni, kwa maana aliyeitoa anaweza kupita wakati wowote kuiulizia.

Ulikuwa ukumbi ule ule, na joto lile lile. Mbogo alikuwa amekwisha kuvishwa blanketi na kukabidhiwa tangi la maji. Gacheri akaja na kifurushi chake. Mbogo alikifungua, akautambua mrija, akatabasamu.

“Wazazi, mnaikumbuka hii?” alisema katika kipaza sauti. “Chupa tupu!”

Wazee waliokuwapo siku ile wakacheka.

“Rudia, Mwalimu Mkuu,” Gacheri alisema kwa upole. “Walio nyuma hawakusikia.”

“Nimesema ni tupu! Ilikuwa tupu siku ile, na leo ni tupu!”

“Asante. Sasa itie katika beseni lile la soda.”

Mbele yao soda zilikuwa zimezamishwa katika maji ya barafu. Mbogo alisita. Watu, wakidhani ni mchezo, walimhimiza kwa makofi, naye akautia. Baada ya muda Gacheri akamwambia autoe na auinue.

“Uuuu! Imejaa maziwa!” alipiga kelele Eunice, ambaye sasa alikuwa nyanya. Akasogea karibu. “Hapana, ni maji! Maji yamefika katikati! Mbogo, yametoka wapi na haijafunguliwa?”

Mbogo alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

“Unataka nini, Gacheri?”

“Uondoe mkono hapo, useme.”

Akasema. Alisema kwamba mrija haukuwa mtupu, kwamba ni joto la ukumbi lililoufuta mstari, kwamba Mwalimu Gacheri hakuiba kitu. Hakuna aliyepiga makofi. Eunice aliinamisha kichwa akavuta leso usoni.

“Basi chukua mrija wako,” Mbogo alinong'ona.

“Zawadi hairudishwi, Mwalimu Mkuu. Iweke mahali pa kuonekana. Alfajiri utauona mstari, na jua likipanda utakupotea machoni. Mimi nitakuwa nikipita.”

Naye hupita. Huvua sweta njiani, hufika Ishiara adhuhuri, hunywa chai aliyoandaliwa, kisha hugeukia rafu.

“Leo asubuhi ulikuwapo?”

“Ulikuwapo,” Mbogo hujibu.

Gacheri huweka kikombe chini, huaga, hurudi kwao Kanyakine. Hajamsamehe, na mwezi ujao atateremka tena.