Tumbo Langu Nililipeleka Nairobi

Nilikuwa mpishi katika loji moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Tangu nijifungue mapacha, misuli ya tumbo ilikuwa imeachana katikati, na ngozi ilikuwa inaning'inia. Mwaka wa nne huo, watu bado waliniuliza nitajifungua lini. Nikaomba likizo nikafanyiwe upasuaji Nairobi.

Karatu, alfajiri. Mume wangu, Tluway, alinisindikiza stendi. "Mimi sijawahi kulalamika," alisema. Nikamwambia najua.

Miaka hiyo, hadi Makuyuni barabara ilikuwa bado ya vumbi. Arusha nilibadilisha basi, mpakani Namanga nikagongewa muhuri, na jioni dada yangu Anjela akanipokea Nairobi.

Kesho yake, hospitalini, daktari alinichora mstari kutoka nyonga hadi nyonga.

"Nitakata hapa, nishone misuli, niondoe ngozi iliyozidi. Kitovu nitakitolea tundu jipya. Kovu litabaki. Umemaliza kuzaa?"

"Nimemaliza."

"Maumivu yatakuwepo. Lakini mguu ukivimba, usingoje."

Nilizinduka nimefungwa mkanda mpana, mirija miwili ikitoa majimaji mekundu kiunoni. Nikikohoa, machozi yananitoka. Nilitembea nimeinama kama bibi kizee.

Siku ya sita, nyumbani kwa Anjela, nyuma ya mguu wa kushoto palianza kuuma. Nikanyamaza; Jumamosi nilitaka kuwa njiani kurudi kwa wanangu. Siku ya nane Anjela aliniona nachechemea.

"Vua soksi."

"Ni uchovu tu, dada."

"Vua, mdogo wangu."

Mguu ulikuwa umevimba, wa moto. Anjela akanipakia kwenye teksi. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi yangu tu, nikiogopa itakatika.

Daktari alisema damu imeganda kwenye mshipa. "Ingefika kwenye mapafu, dada yako angerudi peke yake." Nikachomwa sindano za kuzuia damu isigande, nikabaki Nairobi wiki tatu zaidi.

Kurudi, basi lilipopanda mlima wa Mto wa Mbu nilikumbatia mto wa kulalia tumboni kila tuliporushwa. Karatu mapacha walinikimbilia, nami nilikuwa bado nimekatazwa kubeba kitu. Tluway akawainua mmoja mmoja hadi usoni pangu.

Sasa gauni linanikaa vizuri na sijuti. Lakini jirani mmoja wa kijiji cha Qurus, naye akiwaza upasuaji kama wangu, alipokuja kuniomba kwa sauti ya chini aonyeshwe kovu, nilimwambia akae kwanza. Nilianza kumsimulia habari ya mguu, na zile siku mbili nilizonyamaza.