Mwenye Nyumba ya Divai

Sentensi mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika imebandikwa kwenye chupa. Bado ipo madukani hapa Butembo, na Beni pia, kwa herufi za rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya kijani. Wateja huisoma wakingoja chenji. Ina mdundo mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Siku nilipoiandika niliirudia kwa sauti mara tatu chumbani kwangu, nikajipenda.

Divai yetu ni ya ndizi. Babu aliipokea kwa wazee wake ikiwa kasiksi tu, pombe ya sikukuu, ya kunywewa ndani ya siku chache kabla haijaharibika. Aliikamua kule Eringeti, kwenye migomba yake mwenyewe. Tulipokimbia vita kutoka huko, alinunua kiwanja Bulengera, hapa Butembo, akasimamisha kibanda cha mabati, kisha akafariki bila kusema ni cha nani. Baba yangu alimfuata mwaka uleule. Wakabaki watoto wawili wa babu: baba mkubwa, mwenye duka la vitambaa Kimemi, na shangazi yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika.

Shangazi ndiye aliyeingia kibandani. Migomba ilikuwa imebaki Eringeti, kwa hiyo alinunua ndizi sokoni, akazibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalipasha moto kwa majani makavu, akazilaza ndizi humo na kuzifunika ziive. Kila asubuhi alipiga goti na kuweka kiganja juu ya udongo. Hakuhesabu siku. Kiganja kilimwambia. Akifungua, alizimenya, akazikamua kwa majani makali mpaka mikono ikachubuka, akatia unga wa mtama uliokaangwa.

Mpaka hapo ni kasiksi ya babu. Lakini kasiksi haiwezi kusafiri, na shangazi alitaka kitu cha kufika Beni kikiwa kizima. Akaanza kuichuja na kuifungia kwenye bidoni, madumu ya plastiki, akichomeka mrija mwembamba ili ipumue. Bidoni za kwanza zilipasuka. Zilizofuata zikawa siki. Majirani walimtania kwamba mume alimkimbia kwa sababu ya harufu. Aliendelea, misimu miwili, mitatu, hadi siku moja akamimina kwenye glasi kitu cheupe chenye kung'aa, kikavu kidogo ulimini. Paroko alipoonja aliuliza kimetoka nchi gani.

Sasa, kwetu kuna desturi. Kinywaji kikiiva, kibuyu cha kwanza hupelekwa kwa mkubwa wa familia kabla mtu yeyote hajaonja. Shangazi hakuwahi kuikosa. Alivaa kitenge chake kizuri, akatembea kwa miguu kutoka Bulengera hadi Kimemi, akapiga magoti dukani mbele ya kaka yake na kumpa kibuyu kwa mikono miwili. Baba mkubwa alikunywa, akasema ni nzuri, akarudi kwenye vitambaa vyake. Kibandani sikuwahi kumwona zaidi ya mara mbili.

Nilikuwa nimeanza kujulikana kidogo mjini kwa hadithi zangu. Kikundi chetu cha waandishi kilikutana Jumamosi, tukasomeana, tukasifiana kupita kiasi. Shangazi aliponiomba maneno ya kuweka kwenye chupa, nililichukua ombi hilo kama kazi ya fasihi. Nikaandika juu ya babu, migomba na ukungu wa Eringeti. Nikamalizia hivi: "Na hadi leo, kibuyu cha kwanza humfikia mwenye nyumba, mwana mkubwa wa mzee."

Nilijua kwamba ile ni heshima tu. Nilijua nani alikuwa na mikono iliyochubuka. Lakini "kaka mkubwa" lilisikika dogo, na "mwenye nyumba" lilifunga sentensi vizuri. Shangazi hakumaliza shule ya msingi. Alinisikiliza nikimsomea, akacheka, akasema ni kama misa.

Mwaka mmoja baadaye, mfanyabiashara wa Beni alitaka kusaini mkataba wa kuuza divai yetu kwenye hoteli. Alitaka saini ya mwenye mali. Swali ambalo babu aliliacha wazi likarudi, na ukoo ukaketi Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa baba mkubwa. Shangazi alieleza kazi yake kwa maneno machache. Baba mkubwa alisema mali ya mzee inashikwa na mwana mkubwa, na kwamba dada yake ataendelea kufanya kazi humo, hakuna anayemfukuza. Mzee wa ukoo, aliyekuwa akiongoza kikao, alikuwa anaelekea upande wa shangazi. Nilimwona akitikisa kichwa kwa kukubali alipotajiwa bidoni. Kisha baba mkubwa akaweka chupa mezani, akaniomba nisome.

Nilisoma. Sauti yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri.

"Kibuyu ya kwanza inaendaka kwa nani?" mzee alimuuliza shangazi.

"Kwa yaya, kaka yangu. Lakini ile ni heshima, papa. Hapana mali."

"Hapa banaandika mwenye nyumba." Akanigeukia mimi. "Mama, weye ulisoma. Ulikosea?"

Watu wote waliniangalia. Neno moja lilitosha. Niliona aibu kusema mbele ya ukoo kwamba niliweka neno kwa sababu ya uzuri wake, kwamba mwandishi wao hakujali ukweli. Nikasema ni vile watu wanasemaka.

"Basi," mzee akasema.

Shangazi hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini, kwangu mimi na si kwao: "Kabla ya kuandika, haukuniona?"

Alikabidhi ufunguo siku hiyohiyo. Hakukubali kuwa mfanyakazi katika kibanda chake. Siku hizi analima maharagwe pembezoni mwa Bulengera na kuyauza sokoni. Baba mkubwa aliajiri vijana, wakafukia ndizi kwa kuhesabu siku kwenye kalenda. Divai ikatoka na ukungu ndani, chachu, na mfanyabiashara wa Beni akarudisha makreti ya kwanza.

Ndipo baba mkubwa akanituma kwa shangazi, na daftari, nikaandike namna anavyofanya. Nilimkuta akipepeta maharagwe uani. Nilimwomba msamaha kwanza, maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekula, akaniuliza lini nitaolewa, akaniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilipofungua daftari, alilifunga kwa kiganja, taratibu.

"Ile ya shimo siwezi kukuambia," alisema. "Ukiandika, itakuwa ya mwengine tena."

Sikumlazimisha. Nilimsaidia kupepeta, vibaya, akanicheka kidogo, kisha nikapanda pikipiki kurudi Kimemi.

Baba mkubwa alikuwa anapima kitambaa. Nilimwambia dada yake hataki. Alikunja kitambaa, hakuonekana kukasirika sana.

"Lakini weye ni mwandishi wetu," akasema. "Utunge kitu. Bijana batafuata."

Nilimjibu kwamba sijui divai ile inavyotengenezwa, na kwamba mwenye kujua ni mmoja tu, na nyumba ilikuwa yake. Nilisema kwa sauti, wateja wakisikia. Alinitazama, akachukua mita yake, akaendelea kupima. Lilikuwa jibu la swali aliloniuliza mzee kikaoni, na sasa hakuna aliyekuwa ameuliza.