Mgonjwa Aliyeogopa Kujaza Foleni

Hospitalini walimwita Bawabu, naye ni muuguzi mwenye vyeti vyake ukutani. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi. Alisimama mlangoni pa idara ya dharura, kila anayefika anampima kwa jicho na maswali mawili matatu, kisha anaamua. Wewe ndani, haraka. Wewe kaa hapo usubiri. Na wewe, kaka, kikohozi hicho si cha hapa, vuka barabara uende zahanati, huko utahudumiwa hata benchi hujalizoea.

Msidhani alikuwa na roho mbaya. Alishaona mtu akikata roho sakafuni huku vitanda vimelaliwa na wenye mafua. Utaratibu huo wa kuwagawa wagonjwa aliupigania yeye mwenyewe, akavutana na wakubwa mpaka wakachoka, zahanati ikaongezewa tabibu na saa za kazi. Na ulisaidia, tusimnyime haki yake. Lakini watu hawakuacha kumiminika, na koo lake halikuacha kukauka kwa kufoka.

Ufokaji huo akaubeba mpaka nyumbani. Akivua viatu tu, anaanza: "Leo kaja mtu na jipu, jamani! Jipu! Eti dharura!" Mama yake, aliyehamia kwake tangu afiwe na mumewe, alikuwa akimsikiliza neno kwa neno. Hakuna mwanafunzi aliyemzidi bibi yule. Jirani akilalamika tumbo, yeye anamuwahi: "Zahanati hiyo hapo. Usiende kumjazia mwanangu foleni." Bawabu akisikia hivyo, kichwa kinamvimba. Asijue anachimba shimo lake mwenyewe.

Asubuhi moja simu ikalia mfukoni. Alikuwa tabibu wa zahanati.

"Dada, mama yako yuko kwangu. Ni moyo. Namleta sasa hivi. Kumbe amekaa kwenye benchi tangu tufungue, kila zamu yake ikifika anampisha mwenye mtoto. Anasema ni kiungulia."

Mganga hajigangi, ndugu zangu. Bawabu alikimbia ndani kutafuta kitanda, akakuta maji yamezidi unga. Vitanda vyote vimejaa, na hakuna hata mmoja pale wa kumrudisha nyumbani. Wote aliwapitisha yeye, na wote walistahili. Akamshika daktari koti. "Daktari, nakuomba nafasi, popote." Wakamwondoa kitandani fundi mmoja aliyevunjika mguu, wakamkalisha kitini, maskini anauma meno.

Mama akaingizwa kwa kiti cha magurudumu, jasho linamtiririka, midomo imebadilika rangi. Hata katika hali hiyo aliona haya.

"Mwanangu, umemwondoa yule kwa ajili yangu? Mrudishe bwana. Mimi ni kiungulia tu."

"Mama, nyamaza. Nyamaza, nakuomba."

Daktari akambandika nyaya kifuani, akaitazama karatasi inayotoka mashineni, akaitazama tena. Kisha akamvuta Bawabu nje ya pazia. Hakuzungusha maneno.

"Hili halikuanza leo. Sehemu kubwa ya moyo imeshakufa. Angefika jana tungekuwa na la kufanya. Sasa nenda ukakae naye."

Loo, jana! Bawabu akarudi, akapiga magoti, akaushika ule mkono uliokwisha kupoa. Hasira ikampanda, ile hasira ya mtu asiye na pa kuipeleka, na machozi juu yake.

"Mama, maumivu yameanza jana? Mbona hukuniambia? Si ungekuja? Ningekubeba mgongoni mimi!"

"Nilikuja," mama akasema, pumzi anaitafuta. "Nilifika mpaka hapo mlangoni. Ulikuwa unamfokea mzee mmoja, umechoka mwanangu, macho mekundu. Nikasema, aa, huyu nisimwongezee mzigo. Nikarudi zangu nyumbani kukupikia."

Ni kweli alipika. Jana hiyo jioni Bawabu alikuta chakula mezani, akala, akaomba aongezewe, na mama yake ndiye aliyesimama kumpakulia.