Picha Niliyopigwa Nimesimama Juu ya Kaburi

Jamani, leo nimeshinda na ninaona aibu.

Chuoni kwetu hapa Lindi kulikuwa na shindano la kusaka picha. Tuliambiwa tupige picha na kitu cha kale kuliko chuo chenyewe.

Nyuma ya bweni nikakuta mawe yamepangwa. Nikapanda juu, nikacheka. Rafiki yangu akanipiga picha, akaituma shindanoni hapo hapo.

Bi Somoe, mfagizi wetu, alikuwa akipita, akasimama.

"Shuka, mwanangu. Hapo amelala mama yangu. Tulihamishwa kwenda kijiji cha ujamaa hata arobaini yake haijafika."

Nikashuka. Nikakimbilia bwenini kabla ya kumwomba radhi.

Jioni picha ikawa ya kwanza, ikabandikwa ubaoni. Nimeomba itolewe. Waandaaji wanasema eti mpaka Jumatatu.

Kesho asubuhi Bi Somoe anafagia pale penye ubao.

Ninyi mngefanyaje?