Barua Yangu Ilisema Lori Liko Bafwasende

Nikiwasimulia hili mtanicheka, na mcheke tu, maana watu wa mtaa wa Makiso walishanicheka na sikufa, ila hadi leo nikipita mbele ya ile ofisi yao ya kodi nakaza macho barabarani kama mgeni wa mji.

Mimi naendesha lori langu mwenyewe, sina bosi wala karani, kwa hiyo nikitoka safari makaratasi yote yananingoja mimi. Mwezi ule nilikuwa nimetoka Bafwasende na mpunga, siku tisa za tope, potopoto tunavyoliita, nikafika nyumbani mtaa wa Tshopo nikalala, nikaamka, nikalala tena, kumbe tamko la kodi linatakiwa kesho yake na sijajaza hata mstari. Ukichelewa bila ruhusa lori linazuiwa kupakia, na lori langu likisimama, watoto wangu wanne wanasimama nalo. Dawa ni barua ya kuomba siku za nyongeza. Sasa niandike sababu gani? Kuandika "nimechoka" niliona aibu (mwanamume mzima, mnajua tena), nikaandika kwamba lori langu, lenye jina "NITAFIKA TU" kwenye paji lake, limekwama Bafwasende na karatasi zote za safari zimo ndani.

Hapo mtu mwenye akili angepanda toleka, akae nyuma ya baiskeli, apelekwe taratibu. Lakini mguu wangu ulikuwa umevimba kwa safari ile, kuuning'iniza kwenye baiskeli ni maumivu, na baada ya barua nilikuwa na mbao za kupakia bandarini, nikasema ya nini kurudi tena Tshopo kufuata lori, niende nalo. Nikaliegesha kando ya ukuta wa ofisi, mkia ukabaki langoni, sikuuona kwa usingizi.

Karani alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, naye anaonekana hakulala vizuri.

"Papa, kamyo iko wapi sasa?"

"Iko Bafwasende, mama. Potopoto iko mpaka ku milango."

"Pole sana, papa."

Alinihurumia kweli, na roho ikaanza kuniuma. Alishainua mhuri, mlinzi akaingia.

"Nani iko na ile kamyo ya 'Nitafika Tu'? Inafunga mulango, chef anashindwa kutoka."

Nikatazama dari. Mama akasoma barua, akanitazama, akaisoma tena.

"Papa, Bafwasende imekuja karibu," akasema polepole, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Ningekimbia, lakini kwa mguu upi? Nikatoka, foleni nyuma yangu, nikapanda, nikawasha, kimya. Nikawasha tena, kimya. Betri ambayo haikunisumbua Bafwasende kote ilichagua kufa hapo, chef, mkubwa wa ofisi, yuko ndani ya gari lake ananitazama. Ikabidi wasukume: mlinzi, watu wa foleni, hata mama karani alivua viatu akasukuma, na mtu nyuma akawa anaita, "Sukuma, tutoke Bafwasende," nami niko juu kwenye usukani, nimeinamisha kichwa, nimechoka hata kuona haya.

Lilipowaka nililiacha linanguruma mbali na lango, nikarudi ndani kuchukua barua yangu niende nikangoje kuzuiwa.

"Ukweli ni gani, papa?"

"Nimechoka, mama. Njo vile tu."

Akavua miwani, akajifuta macho.

"Hata mimi nimechoka. Si ungeandika vile?"

Kisha akashika kalamu, akafuta "Bafwasende", akaandika juu yake "mbele ya lango letu", akagonga mhuri. "Kamyo ilikufa," akasema, "siye wote tumeona."

Nikapata siku kumi, na zote nilizitumia kujaza makaratasi. Tangu siku ile nimeapa, nikichoka nitaandika nimechoka, na ofisini nitakwenda kwa toleka hata mguu ukivimba hadi gotini, maana toleka haina paji la kuchora jina.