Memori Kadi Nne na Baraka za Keza

Jambo zima lilinigharimu shilingi elfu arobaini na saba na mia tano. Ndani yake kuna memori kadi nne, nauli ya basi ya kuleta kifurushi, bodaboda, na bando la kumlalamikia muuzaji. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natumaini nimekosea.

Kazi yangu ni maharage. Nakusanya Bukiriro na Keza, nauza Biharamulo. Maharage yakiadimika, napiga video kwenye sherehe kwa kamera ndogo ya mtumba. Kwenye gunia sidanganyiki kirahisi. Nachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini, kwa sababu sijaona bado kokoto zinazokaa juu ya gunia zisubiri mnunuzi.

Muuzaji wa mtandaoni alianza na elfu ishirini na tano kwa kila kadi. Nikamwambia nane. Akaandika, "Basi chukua kwa tisa, bosi wangu." Hakuguna, hakuapa kwa wanawe, hakuniambia anapata hasara. Kwenye maharage, mtu akikubali upesi hivyo namwomba amwage gunia chini. Lakini siku ile nilijiona fundi wa bei, nikalipa.

Kifurushi nilikipokea njia panda ya Nyakanazi. Kila kadi imeandikwa GB 128, maandishi yanang'aa kuliko meno ya mgombea udiwani. Nikaingiza moja kwenye kamera, nikampiga video kuku wa jirani, nikamtazama. Kuku alionekana hadi kucha. Nikaridhika. Yaani nilichoma bambo juu tu, nikafunga gunia.

Jumamosi yake nikaenda nayo Keza, kwenye sherehe ya kumuaga binti aliyekuwa anaolewa. Baba yake ni mzee wa kifua kibovu. Aliona kukaa hadi jioni hataweza, akaomba kutoa baraka kabla ya chakula. Mshereheshaji alinuna kwa kuvurugiwa ratiba, lakini ng'ombe waliotolewa hawakuwa wake. Mzee akasimama, akashika mkono wa binti, akasema kwa Kihangaza maneno ambayo kwao husemwa mara moja tu. Ukiyarudia, wanasema, unamwita binti arudi nyumbani. Nilirekodi yote. Baada ya hapo tukala, kisha wageni wakahutubia mpaka vivuli vikarefuka.

Jumatatu mwanakwaya mmoja akaniletea kazi ya kumjazia nyimbo na video. Nikatumia kadi mpya ya pili. Mwanzoni mambo yalikwenda. Kufika mahali, majina ya nyimbo yakawa yanaonekana lakini ukigusa hakuna sauti. Hapo ndipo nilipoanza kupima kama mtu mzima. Nilichukua zile tatu ambazo hazikuwa na kitu cha maana, nikazijaza video moja moja mpaka pomoni, nikazitoa, nikazirudisha, nikafungua faili la mwisho. Hakuna. La kabla yake, hakuna. Nikarudi nyuma mpaka lile linalofunguka. GB 128 ya kwenye karatasi haikufika hata kumi na sita.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa. "Wewe unayehesabu punje," akasema, "umeuziwa ganda."

Ganda ningelivumilia. Tatizo lilikuwa ile ya nne, yenye sherehe ya Keza. Fundi simu wa Ngara mjini aliniambia kadi bandia haziko sawa: nyingine zikijaa hupoteza kinachoingia, nyingine hufuta cha zamani kimyakimya ili kipya kipate nafasi. Kama yangu ilikuwa ya aina hiyo ya pili, hotuba zilikuwa zimekalia baraka. Na kuipima kwa kuijaza nisingeweza, maana ningefuta mwenyewe kile nilichokuwa nakitafuta. Kumwomba mzee arudie ndiyo usiseme.

Nikaazima kompyuta ya mwalimu jirani, nikahamisha kila kitu kwanza. Kisha nikafungua faili moja moja kuanzia mwanzo. Wageni wanaingia. Ngoma. Akina mama na vikapu. Halafu mzee akasimama, akakohoa, na sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu kama siku ile. Maneno yake yalikuwepo yote, mpaka alipoketi. Nikayarudia kuyasikiliza tena, nikayanakili sehemu mbili tofauti.

Baada ya chakula, giza. Hotuba ya mgeni rasmi, haifunguki. Ya mwakilishi wa upande wa kuoa, haifunguki. Orodha ya zawadi, nayo imekwenda.

Mama wa binti alikuja Alhamisi. Nilimwamkia shikamoo kabla hajashuka kwenye pikipiki, akajua kuna jambo.

"Marahaba mwanangu. Baba yao yupo kwenye video?"

"Yupo mama, na baraka zake zote. Ila mgeni rasmi amekataa kufunguka."

Alifikiri kidogo. "Yule tulimsikia. Alitutosha."

Akatazama baraka mara mbili, akafunga kitenge vizuri, akafungua fundo la pesa na kunilipa kiasi chote tulichopatana. Nilijaribu kurudisha nusu. Akaniambia nisimsumbue.

Sasa nimekaa na ile nusu. Nimezoea kupigania mia tano mpaka jasho litoke, lakini hii hainiingii mfukoni vizuri. Nilikubali kurekodi sherehe nzima, nimempa ya kabla ya chakula tu. Yeye anasema deni hakuna, na mke wangu anasema nimsikilize mama wa watu. Wewe unayepiga picha na umewahi kupotezewa kazi na kadi, nishauri: nimrudishie kwa nguvu, au nimpelekee maharage ya thamani hiyo na kusema ni zawadi?