Nta Nyuma ya Herufi

Walioiona aibu yangu nawataja wote, ili asije mtu mwingine hapa Tabora akadai na yeye alikuwepo: Mzee Jamal mwenye duka la vitambaa, mkewe Mama Zainabu, shehe aliyealikwa kusoma dua ya kufungua duka, wadogo zangu mapacha Kulwa na Dotto, na vijana wa bodaboda wa kijiwe cha ng'ambo ya barabara (hao ndio walionimaliza). Na mimi Nyamizi, fundi wa maandishi, nikiwa nimevaa gauni la kuazima.

Mzee Jamal alinieleza kazi yake vizuri, siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Alitaka jina la duka kwa herufi za plastiki, nene, zisizo na mapambo, mtu aliye upande wa pili wa barabara azisome bila kukunja uso, na kila herufi ikazwe kwa skrubu kwenye bati juu ya mlango.

"Binti yangu," akasema, "ukinipendezea hii kazi, kile chumba cha nyuma ya duka hamieni, wewe na wadogo zako."

Roho yangu yote ikahamia kwenye chumba hicho. Tangu wazazi wafariki na mimi kuacha shule darasa la sita, tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya baba mdogo, na baba mdogo alikuwa ameshaiuza, tunasubiri tu kutolewa.

Basi nikakata herufi, nikazipanga sakafuni, nikasogeza hii, nikarudisha ile, mpaka nafasi kati ya herufi zikatulia na jina likasomeka kwa mkupuo mmoja, na kwa kweli zilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio ulionidanganya. Nilishika skrubu, nikaitazama ile J ya Jamal, nikaona kuitoboa usoni ni kuifanyia ukatili. Nikaamua kuzigandisha kwa nyuma. Gundi ya dukani ikawa haishiki bati, kwa hiyo nikayeyusha mabonge ya nta aliyoacha marehemu baba, aliyekuwa mrina asali wa misitu ya Urambo, nikaichanganya na gundi hiyo, herufi zikashika vizuri sana. (Baba alikuwa akipaka nta hiyohiyo ndani ya mzinga mpya ili kuita nyuki. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Sijui siku hiyo lilikwenda wapi.)

"Dada, Mzee si alisema skrubu?" Dotto akauliza akiwa ameshika ngazi.

"Fundi hapa ni nani?"

Akanipa herufi iliyofuata.

Dua ilianza jua likiwa utosini, mwezi wa kumi, na bati la Tabora mwezi huo unaweza kulikaangia yai. Kwanza ile D ya Duka ikainama. Halafu ikateleza taratibu, ikiburuta nta, ikadondokea sinia la sambusa la Mama Zainabu. Nikajichekesha. Ndipo nyuki wakaja, mmoja, wawili, mara bati zima likawa linavuma.

"Dada, umeandika duka au umetundika mzinga?" kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti.

"Mzee Jamal, leo unauza vitenge au asali?" mwingine akadakia, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Shehe alikatiza dua, akajifunika kilemba usoni, akatoka mbio. Ningekimbia na mimi, ingekuwa nafuu. Lakini mimi mtoto wa mrina asali najua dawa ya nyuki ni moshi, nikawasha nyasi na matambara ndani ya ndoo pale mlangoni, upepo nao ukausukuma moshi wote ndani, kwenye majora mapya ya vitambaa vya harusi. Nyuki waliondoka. Moshi haukuondoka.

Mama Zainabu alivuta jora moja, akalinusa, akalirudisha. Mzee Jamal akanigeukia, jicho moja limevimba.

"Nyamizi. Nilikwambia skrubu."

"Shikamoo, Mzee," nikasema, sijui kwa nini, maana nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea tu, na hapo nikatamani ardhi ipasuke, kwa sababu angenitukana ningejua pa kuanzia kulia.

Chumba akapewa mshonaji. Sisi tuko Ntalikwa, nje ya mji, kwenye kibanda cha shambani kwa watu, tunalipia kwa kulima, na Kulwa na Dotto wanatoka alfajiri kwenda shule kwa miguu. Hawajawahi kunilaumu. Ningeona afadhali wangenilaumu. Nimeapa kwamba mteja akinieleza anachotaka, nitafanya hichohicho, hata kikinichukiza.

Yale majora ndiyo deni langu. Kila Jumamosi nafua moja nyuma ya duka, naanika, nakunja, nampelekea Mama Zainabu. Anaweka pua, anafumba macho, ananionea huruma.

"Bado, mwanangu," anasema, na mimi nachukua beseni.